Hawezi, Hataki, Hana: Asili ya Maneno ya Uvivu Katika Kiswahili cha Bunagana

1.0 Utangulizi

Bunagana ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Rutshuru, jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo ya pili ya mpaka, katika wilaya ya Kisoro nchini Uganda, kuna mji mwingine wenye jina hilohilo. Wakazi wa pande zote mbili husikilizana kwa Kinyabwisha, Kinyarwanda na Kifumbira, ambazo ni lugha zinazokaribiana sana. Hata hivyo biashara, usafiri na mazungumzo na wageni huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotambuliwa na katiba ya Kongo ya mwaka 2006.

Katika mji wa namna hii, ambao riziki yake hutegemea kufunguliwa na kufungwa kwa njia, mtu aliyeketi mchana bila shughuli huweza kuelezwa kwa kauli tatu. Wa kwanza atasema, "Iko muvivu." Wa pili atasema, "Anaikala bure." Wa tatu atasema, "Iko shomeri." Anayeelezwa ni mtu yuleyule, na pale alipoketi ni palepale. Lakini kauli ya kwanza inamlaumu, ya pili inaeleza hali yake, na ya tatu inamhesabu miongoni mwa watu waliokosa kitu ambacho si wao wanaokigawa.

Makala haya yanachunguza asili ya baadhi ya maneno yanayotaja kutofanya kazi katika Kiswahili, na kuyalinganisha na neno moja la Kiholanzi, *ledig*, ambalo historia ya Kongo imelileta karibu na Bunagana kuliko inavyodhaniwa. Hoja inayotetewa ni kwamba mengi ya maneno haya hayakuanza kama majina ya kosa. Yalitaja mwili uliolegea, uwezo uliokosekana au mahali palipo patupu. Lawama ilikuja baadaye, na mara nyingi ililetwa na yule aliyehitaji nguvu za mwenzake.

2.0 Maneno yenye asili ya Kibantu: mwili uliolegea

Mfano ulio wazi zaidi ni *-legevu*. Mwanafunzi wa mofolojia atatambua mara moja kwamba neno hili limetokana na kitenzi *legea*, yaani kutokaza, kama kamba isiyovutwa au fundo lililoachia. Swali ni kwamba sauti /v/ imetoka wapi, maana haionekani katika kitenzi chenyewe.

Jibu limo katika historia ya sauti za Kibantu. Tangu Carl Meinhof alipochapisha utafiti wake wa fonolojia ya lugha hizo mwaka 1899, imefahamika kwamba baadhi ya irabu za Mame-Bantu, ambazo yeye aliziita nzito, zilibadilisha konsonanti zilizozitangulia. Kiambishi tamati kinachounda sifa kutokana na vitenzi kilikuwa na irabu ya aina hiyo, /u/ nzito. Vitenzi kama *legea* na *tulia* navyo vilikuwa na konsonanti mwishoni mwa shina, ambayo katika Kiswahili imedondoka kati ya irabu mbili. Dalili zake hujitokeza tena katika unyambuaji, kama inavyoonekana katika *potea* na *potelea*. Konsonanti hiyo ilipokutana na /u/ nzito haikudondoka, bali iligeuka kuwa /v/. Kwa hiyo *legea* huzaa *-legevu*, *tepetea* huzaa *-tepetevu*, *nyong'onyea* huzaa *-nyong'onyevu*.

Jambo la kuzingatia ni kwamba utaratibu huohuo huzaa pia maneno ya sifa njema. *Tulia* huzaa *-tulivu*, *vumilia* huzaa *-vumilivu*, *elekea* huzaa *-elekevu*. Kimuundo, mtulivu na mlegevu ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili ni watu ambao hali fulani imewaingia na kukaa ndani yao. Sarufi haikumtenga mmoja ili asifiwe na mwingine ili alaumiwe. Mlegevu ni mtu ambaye viungo vyake havikukazwa, iwe kwa ugonjwa, kwa njaa, kwa usingizi au kwa tabia.

Neno *-vivu* nalo lina mwisho huohuo wa *-vu*, na ndilo lililoenea kuliko yote. Hapa inafaa kutoa tahadhari. Msikilizaji anaweza kuvutiwa na ukaribu wa *mvivu* na *mbivu*, kisha akabuni kisa cha mtu aliyeiva mno hadi akaanguka kama tunda. Lakini *-bivu* hufungamana na kitenzi *iva*, na kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu. Etimolojia isiyozingatia kanuni za mabadiliko ya sauti hubaki kuwa ngano.

Bunagana na Goma, nomino dhahania ya neno hili husikika zaidi kama *buvivu*, kwa kiambishi cha ngeli *bu-* ambacho Kiswahili cha pwani kimekifupisha kuwa *u-*. Mzungumzaji wa mpakani hapati shida kukihifadhi kiambishi hicho kwa sababu lugha yake ya nyumbani inacho: Kinyarwanda husema *ubunebwe* kwa maana ya uvivu, na *umunebwe* kwa maana ya mvivu.

3.0 Ajizi na jamaa zake

Kutoka Kiarabu, Kiswahili kilipokea neno *ajizi*. Methali "Ajizi ni nyumba ya njaa" imelifanya lifahamike hata kwa wasiolitumia katika mazungumzo ya kila siku. Wanafunzi wengi hulifasiri kuwa ni uvivu, na fasiri hiyo haina kosa kwa matumizi ya sasa. Lakini mzizi wake wa Kiarabu, wenye konsonanti za *ʿayn*, *jīm* na *zāy*, unahusu kushindwa: *ʿājiz* ni mtu asiyeweza.

Ukweli huu unathibitishwa na jamaa wawili wa neno hilo waliomo katika Kiswahili chenyewe. Wa kwanza ni *ajuza*, yaani mwanamke mkongwe, ambaye nguvu zimemwishia. Wa pili ni *muujiza*, yaani tukio linalowafanya wanadamu washindwe, wasiweze kuiga wala kueleza. Mtu ajizi, bibi ajuza na muujiza wa mtume wanakutana katika wazo moja la kutoweza. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kiini chake ni kukataa.

Kwa mwanga huo, methali iliyotajwa inaweza kusomwa upya. Kwa usomaji uliozoeleka, mvivu atakufa njaa. Kwa usomaji unaozingatia mzizi, pale uwezo unapokosekana njaa hupata nyumba ya kukaa. Usomaji wa kwanza unaonya na wa pili unaeleza. Kutoka kutoweza hadi kutotaka ni hatua fupi sana, na ndiyo hatua ambayo neno *ajizi* limeipita.

4.0 Ulinganishi: neno *ledig* la Kiholanzi

Msomaji anaweza kuuliza Kiholanzi kinahusianaje na Bunagana. Kaskazini mwa Ubelgiji husemwa Kiholanzi, ambacho zamani kilizoeleka kuitwa Kiflemi. Sheria ya msingi ya koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908, ambayo Ubelgiji iliitumia kuitawala Kongo baada ya kuichukua kutoka kwa mfalme Leopold II, iliagiza amri na kanuni za jumla zichapishwe kwa Kifaransa na kwa Kiflemi. Kwa hiyo amri zilizowapeleka watu wa Rutshuru mashambani na barabarani zilikuwa na sura mbili, na mojawapo ilikuwa ya Kiholanzi.

Katika lugha hiyo, neno la kale la kutaja kutokuwa na kazi ni *ledigheid*, kutokana na sifa *ledig*. Leo *ledig* humaanisha tupu, na hutumika katika lugha ya kiadilifu au ya kale. Katika usemi wa kila siku limefupika kuwa *leeg*, baada ya /d/ kudondoka kati ya irabu mbili, jambo la kawaida katika historia ya Kiholanzi. Chupa isiyo na kitu ni *leeg*, na mzururaji asiye na shughuli huitwa *leegloper*, yaani mtu aendaye mtupu.

Hata hivyo utupu si mwanzo wa safari. Katika Kiholanzi cha Zama za Kati, *ledich* lilimaanisha pia aliye huru, asiyefungwa na wajibu. Maana hiyo imebaki katika Kijerumani, ambamo *ledig* ni mtu asiye na ndoa. Katika lugha ya kale ya Skandinavia, *liðugr* ni mtu mwepesi wa viungo, atembeaye bila kizuizi. Kwa sababu hiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi huliunganisha neno hili na jina la kale la kiungo cha mwili, ambalo katika Kiholanzi cha leo ni *lid*. Ikiwa ni hivyo, hatua zake zilikuwa hizi: mwepesi wa viungo, kisha huru, kisha asiye na shughuli, kisha mtupu.

Hapa ndipo ulinganishi unapozaa matunda. *Ledig* na *-legevu* hayana undugu wowote, lakini yote mawili yameanzia katika viungo vya mwili. Kiswahili kilitazama viungo vilivyolegea kikaona udhaifu. Lugha za Ulaya ya Kaskazini zilitazama viungo vilivyo vyepesi zikaona uhuru. Njia zilianza pande tofauti, zikaishia katika lawama ileile.

Kiholanzi kina neno la pili la kulinganisha, *ijdel*, ambalo leo humaanisha mwenye majivuno au kitu kisicho na faida. Maana yake ya awali ilikuwa tupu, na ndugu yake wa Kiingereza, *idle*, ndilo neno la kawaida la kumtaja mtu asiyefanya kazi. Wazo la utupu si geni kwa Kiswahili pia, ila katika Kiswahili limeelekea penye baraka. *Faragha* limetoka katika mzizi wa Kiarabu unaotaja utupu, na *wasaa* katika mzizi unaotaja upana. Mtu mwenye wasaa si mvivu, bali ni mtu aliyepata nafasi. Utupu uleule ambao lugha moja iliutia aibuni, lugha nyingine iliuweka miongoni mwa neema.

Tofauti hii inaonekana vilevile katika methali. Waholanzi husema *Ledigheid is des duivels oorkussen*, yaani kukaa bila kazi ni mto wa kulalia wa shetani. Waswahili husema ajizi ni nyumba ya njaa. Methali ya kwanza inaona dhambi, ya pili inaona njaa. Anayeogopa dhambi humtafutia asiye na kazi adhabu. Anayeogopa njaa anaweza bado kumtafutia chakula.

5.0 Uvivu mbele ya sheria

Adhabu hiyo ilitafutwa kweli, na ilianzia Ulaya kwenyewe. Mwaka 1596 ilifunguliwa huko Amsterdam nyumba iliyoitwa Rasphuis, ambamo wazururaji na wahalifu wadogo walilazimishwa kukwaruza magogo ya mti mwekundu hadi yawe unga wa kutengenezea rangi. Mwaka 1818 Johannes van den Bosch alianzisha chama cha kuwahamishia maskini wa mijini katika makazi ya kilimo, na moja ya makazi hayo, Wortel, lilianzishwa mwaka 1822 katika eneo ambalo leo ni Ubelgiji. Baadaye Wortel iligeuka kuwa mahali pa kuwafungia wazururaji. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1891 iliyouhesabu uzururaji kuwa kosa ilifutwa mwaka 1993, na mwaka 2021 Wortel iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Fikra hiyo ilisafiri hadi Kongo pamoja na watawala. Amri ya tarehe 23 Mei 1896, enzi ya Leopold II, ilihusu uzururaji na kuombaomba. Mwaka 1917 kulikuja kilimo cha lazima, na amri ya mwaka 1933 ikathibitisha siku 60 kwa mwaka za kazi za namna hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa hadi 120. Mkulima aliyekuwa na mashamba yake, mifugo yake na msimu wake aliweza kuhesabiwa kuwa mvivu kwa sababu tu hakuwepo katika shamba aliloamriwa kulima.

Matokeo yake katika lugha yalikuwa makubwa. Neno *kazi*, ambalo kwa kawaida hutaja shughuli yoyote yenye kusudi, lilizidi kuelekea upande mmoja: kazi ni ile iliyoandikwa na kulipwa, au ile iliyoamriwa. Hadi leo si ajabu kusikia mwanamke aliyelima tangu alfajiri akielezwa kuwa hana kazi, na mwanamke huyo mwenyewe akiulizwa atajibu vivyo hivyo.

Wala haifai kudhani kwamba lugha ya namna hii iliondoka pamoja na wakoloni. Zaire ya miaka ya 1970 ilikuwa na kazi za lazima za umma zilizoitwa *salongo*. Tanzania ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, na chini yake watu walioitwa wazururaji walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Katika kila hatua, lilitangulia neno la kumlaumu asiye na kazi, kisha mkono wa dola ukafuata.

6.0 Kutoka joto la mchana hadi mpaka wa Bunagana

Kauli ya tatu iliyotajwa mwanzoni, *iko shomeri*, inatokana na Kifaransa *chômeur*. Neno hili limekita mizizi katika eneo zima, hata Kinyarwanda rasmi hutumia *ubushomeri* kwa maana ya ukosefu wa ajira. Asili yake inastaajabisha. Kitenzi cha Kifaransa *chômer* kimetoka katika Kilatini cha baadaye *caumare*, nacho kimejengwa juu ya neno la Kigiriki *kauma*, yaani joto kali. Maana yake ya awali ilikuwa kupumzika wakati wa jua la utosi. Aliyepumzika hivyo hakuwa mvivu wala hakuwa amekosa kazi. Alikuwa mkulima mwenye busara, akingoja jua lipungue arudi shambani.

Kauli ya pili, *anaikala bure*, ni ya Kiswahili kitupu cha mashariki ya Kongo, ambacho husema *kuikala* pale ambapo Kiswahili sanifu husema *kukaa*. Neno *bure* hubeba maana tatu: bila malipo, bila sababu na bila faida. Kwa hiyo anayeikala bure si lazima awe amekataa lolote. Huenda anafanya shughuli asiyolipwa, au amezuiliwa bila sababu, au anajitahidi bila kuona faida. Hekima ya kauli hii ni kwamba haiamui.

Kutoamua huko kuna thamani ya pekee Bunagana. Mji huo ulitekwa na waasi wa M23 mwezi Julai 2012, ukarudi mikononi mwa jeshi la taifa tarehe 30 Oktoba 2013, kisha ukatekwa tena na M23 tarehe 13 Juni 2022. Katika mapigano ya mwaka huo maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kisoro, na wengi walipokewa katika kituo cha Nyakabande. Mkulima wa Jomba aliyeacha maharage yake shambani, mbebaji mizigo ambaye malori yake hayapiti tena, na mbadilishaji fedha aliyekosa wateja waliketi bega kwa bega mahali pamoja, mchana kutwa, mikono mapajani.

Mpita njia aliyewaona wameketi angeweza kutamka neno moja, *wavivu*, na neno hilo lingeyaficha yote yaliyowafikisha pale. Ndiyo maana tofauti baina ya maneno haya si suala la kamusi tu. Anayeandika ripoti, anayegawa chakula, anayechagua vibarua na anayewafasiria wageni huamua hatima ya mtu kwa nomino anayoichagua.

7.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba maana ya neno ni matumizi yake ya leo, na kwamba asili haimfungi mzungumzaji. Dai hilo ni la haki. Hakuna anayelazimika kumwita mlegevu mtulivu kwa sababu tu maneno hayo yana kiambishi kimoja. Lakini katika suala hili etimolojia haileti maana mfu kutoka kaburini. Inafichua tofauti ambazo bado zi hai katika vinywa vya watu, ingawa mara nyingi kamusi huzifunika kwa kuyaeleza maneno haya kwa visawe: *ajizi* kwa *uvivu*, *uvivu* kwa *ulegevu*, na *ulegevu* kwa *ajizi*.

Tofauti hizo ni tatu. Kuna asiyeweza, na huyo ndiye ajizi wa asili na mlegevu wa asili. Kuna asiye nacho, na huyo ni shomeri, ambaye huikala bure kwa sababu njia imefungwa. Kuna asiyetaka, na huyo peke yake ndiye anayestahili lawama iliyomo katika neno *mvivu* kama litumikavyo leo. Mtunzi wa kamusi atakayezitenga maana hizi, na mwalimu atakayewafundisha wanafunzi wake kuuliza "hawezi, hataki, au hana?" kabla ya kuchagua neno, watakuwa wameitendea haki lugha na watu wake.

Mfano mmoja wa mwisho unawahusu hasa wasomaji wa chuoni. Neno *shule* limeingia katika Kiswahili kutoka Kijerumani *Schule*, nalo kupitia Kilatini limetoka katika Kigiriki *skholē*. Kwa Wagiriki neno hilo lilimaanisha wasaa, yaani muda wa mtu aliye huru kutokana na shughuli. Kwa hiyo hata mahali ambapo watoto huambiwa kila siku waache uvivu, jina lake lilianza kama jina la mapumziko.